Mpemba, Mahali Tela Linapodai Mafuta Yake

Ndugu msomaji, ukimwambia mtu wa pwani kwamba ulikwenda Mpemba, atakuona umeteleza ulimi, kwani kwake Mpemba ni mtu na mahali panaitwa Pemba. Lakini Mpemba ninayokusudia kukusimulia leo haina karafuu wala bahari. Ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu iendayo Zambia, kiasi cha kilomita kumi hivi kabla hujafika Tunduma, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Hapo huchepuka barabara iendayo Isongole, wilayani Ileje, kwenye mpaka wa Malawi. Hapo pia ipo mizani ya kupimia magari ya mizigo. Kwa sababu ya mizani hiyo, na ya foleni ya mpakani ambayo mara nyingine hunyoosha mkia wake mpaka huku, Mpemba ni mahali ambapo mtu mwenye subira anaweza kukaa juu ya benchi la mama muuza chai akayaona matela ya nusu ya Afrika yakimpita.

Mimi sikwenda kuyatazama matela ya watu. Nilikwenda nikivuta la kwangu, au tuseme la jirani yangu. Mdogo wangu wa kike, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amehamishwa kutoka Iringa kwenda Mpemba katika likizo ya mwezi Juni. Nawe wajua uhamisho ulivyo: barua huja siku moja, na vyombo vya nyumba nzima hudai usafiri siku ya pili. Tulipouliza bei ya kukodi lori zima, tulitazamana. Ndipo jirani yangu aliponiambia kuwa nisihangaike. Anayo tela ndogo ya magurudumu mawili, naye angeniazima. Alinikabidhi pamoja na ushauri wa bure. Alisema, “Ukifika kwenye miteremko, toa gia, acha gari lijiendee lenyewe. Tela litakusukuma. Hapo ndipo utakaporudisha mafuta uliyokula mlimani.”

Maneno hayo yalinikaa kichwani kama hesabu ya mtu mwenye akili.

Kabla ya kuondoka nilifanya jambo moja ambalo sijutii, nami nakushauri ulifanye kila ukitaka kujua gari lako linakula kiasi gani. Nilijaza tangi mpaka shingoni, nikaandika kwenye daftari kilomita zilizoonyeshwa. Ukifika mwisho wa safari unajaza tena mpaka shingoni. Lita zilizoingia ndizo ulizotumia, nawe unazigawanya kwenye kilomita. Sindano ya mafuta iliyo mbele ya dereva haifai kwa kazi hii. Ni ya kutisha tu.

Pikapu yangu ni ya dizeli, nami nilikuwa nimeipima mara nyingi ikiwa haivuti kitu: lita moja hunipeleka kilomita 10. Siku hiyo, nikiwa na tela lenye kabati, vitanda viwili, meza, majiko, magunia matatu ya mahindi na mabegi ya watoto, mzigo uliokaribia kilo 900, lita moja ilinipeleka kilomita 6 na nusu. Kutoka Iringa hadi Mpemba kipimo cha gari kilisoma kilomita 420 na ushei. Bila tela ningetumia lita 42. Nilitumia 65. Tela, basi, lilikuwa limekunywa lita 23 peke yake. Bei ya mafuta hubadilika kila mwezi kadiri EWURA inavyotangaza, na kila mji una bei yake, mbali na bandari ikiwa ghali zaidi. Lakini tukichukua shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, tela lilinidai shilingi 69,000 kwa kwenda tu.

Hata hivyo usilihukumu tela upesi. Bila hilo ningelazimika kwenda na kurudi mara mbili, na safari nne za lita 42 ni lita 168. Kwenda na tela lililojaa na kurudi nalo tupu kulinigharimu lita 115. Hiyo ndiyo sababu binadamu alibuni tela: linaongeza mafuta, lakini linapunguza safari.

Sasa nikueleze mafuta hayo yaliingia wapi, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Mtu hudhani uzito ndio adui pekee. Uzito ni adui mlimani, na kila unapoliondoa gari mahali liliposimama. Lakini katika tambarare ya kutoka Igawa kwenda Chimala, ambako barabara ni kama imepigwa pasi, adui wangu alikuwa upepo. Kabati la mdogo wangu lilikuwa limesimamishwa wima, limepita juu ya paa la pikapu kwa urefu wa mkono mzima, na turubai limetuna kama tanga la jahazi. Upepo una desturi mbaya: mwendo ukipanda kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, nguvu ya hewa inayokuzuia haiongezeki kwa robo kama mwendo, bali kwa zaidi ya nusu. Tuliposimama Chimala kunywa chai, nililaza kabati, nikakaza turubai, na kutoka hapo sikuzidi kilomita 70. Gari lenyewe lilibadili sauti, likawa kama limepona mafua.

Adui wa tatu ni tairi zilizokosa upepo wa kutosha. Tairi za tela husahaulika, kwa sababu aghalabu tela hukaa nyuma ya nyumba miezi mingi kuku wakitagia chini yake. Tairi iliyolegea hukunjika kila mzunguko, na kule kukunjika hugeuka joto. Joto hilo umelinunua wewe kituo cha mafuta. Moja ya tairi zangu ilipasuka karibu na Igurusi. Sikumlaumu mtu isipokuwa mimi, kwani pampu ilikuwepo Iringa.

Basi tukaupita mji wa Mbeya alasiri. Baada ya mji, barabara huteremka Iwambi kuelekea Mbalizi. Ndugu msomaji, kama umewahi kupita hapo unajua kwamba mteremko ule na mingine ya nyanda hizi imekwisha kuua watu wengi. Huhitaji kusoma gazeti ili ulijue hilo, vyuma vilivyoungua kando ya njia hukusimulia. Mimi nilipita hapo nikiwa na mdogo wangu na wanawe wawili ndani ya pikapu, na ushauri wa jirani kichwani. Nikatoa gia.

Kwa muda kidogo ilikuwa raha. Injini ilinyamaza, sindano ya mwendo ikapanda. Kisha tela likaanza kunisukuma, kama nilivyoahidiwa, ila halikusukuma kwa unyofu. Likasukuma kwa kulia, kisha kwa kushoto, mkia wa pikapu ukawa unacheza. Nikakanyaga breki, likatulia, nikaachia, likaanza tena. Nilipokanyaga mara ya nne au ya tano, kanyagio lilikwenda chini zaidi ya desturi, na harufu ya kitu kinachoungua ikaingia dirishani. Mbele yangu lilikuwapo lori lililojaa mabomba, likishuka polepole kwa gia nzito. Mtoto mkubwa akaniuliza, “Mjomba, mbona gari linatikisika?” Mama yake hakusema neno. Alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili.

Nilijaribu kurudisha gia ya tatu. Ilikataa kwa kelele. Nikajaribu ya nne, ikaingia, injini ikalia kama mnyama, na gari likashikwa. Tulifika Mbalizi mwendo ukiwa umetulia, tukasimama kando, nikashuka. Magurudumu ya mbele yalikuwa hayashikiki kwa joto. Tukakaa pale karibu saa nzima. Hakuna aliyetaka kula.

Kutoka hapo tulikwenda kama wazee. Tukavuka Mto Songwe, tukapanda kwenye uwanda wa Mbozi wenye kahawa, tukapita Mlowo na Vwawa, na Mpemba tukaingia usiku.

Kesho yake asubuhi, baada ya kupakua, nilikwenda barabarani kutafuta chai. Foleni ya malori ilikuwapo. Siyo ile ya Mei 2020, Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa siku chache kwa sababu ya korona na madereva wakageuka wakazi wa kando ya barabara; ilikuwa foleni ya kawaida, ambayo hupungua na kurudi, hata baada ya kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kufunguliwa mwaka 2019. Kwenye benchi nilimkuta dereva mmoja wa makamo, mwenye koti la baridi na chapati mbili, lori lake likiunguruma taratibu hatua chache kutoka kwetu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea nafasi. Nikamsimulia mambo ya Iwambi, nikitumaini kusifiwa kwamba niliokoa gari.

Hakunisifu. Aliniuliza, “Mdogo wangu, ulipotoa gia, injini ilizima?”

Nikasema la, ilikuwa inaunguruma.

“Kwa hiyo ilikuwa inakula nini?”

Nikakosa la kusema. Akanieleza kwa utaratibu, akichovya chapati. Injini ya dizeli ikiwa kwenye gia, gari likiwa linashuka na mguu wako umeutoa kwenye kanyagio la mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Pampu hukata mafuta, kwa kuwa hayahitajiki. Ukitoa gia, injini inabaki peke yake, na ili isizime lazima ipewe mafuta. Yaani anayeteremka na gia hatumii kitu, naye anayeteremka bila gia analipa. Isitoshe ameitupa breki iliyo bora kuliko zote, ile ya injini isiyopata moto, akabaki na ile ya magurudumu ambayo ikichemka hukataa kazi.

Nilitoa daftari langu nikapiga hesabu. Mteremko ulichukua labda dakika tano. Injini ndogo kama yangu ikiunguruma tu haiwezi kula hata moja ya kumi ya lita kwa muda huo. Tuseme ni shilingi 200. Nilikuwa nimewahatarisha watoto wawili na mama yao kwa ajili ya bei ya andazi moja, na andazi lenyewe sikulipata, nililipa.

Nikamwuliza kwa nini basi madereva wa malori, watu wa kazi hiyo, nao husikika wakifanya hivyo. Alinyamaza kwanza. Kisha akasema kwamba dereva hupewa mafuta kwa kipimo: lita kadhaa za kwenda, lita kadhaa za kurudi. Yakipungua ni shauri lake, yakibaki yana mnunuzi kando ya njia mwenye madumu. Mshahara ukiwa mdogo, mabaki hayo ndiyo ada ya shule. “Mtu akikwambia mlima huu utakupa lita mbili, hutauliza ameyapima wapi,” alisema. Mimi nadhani kosa hapa si la dereva peke yake. Anayepanga lita za safari kana kwamba hakuna foleni amekwisha kumpangia dereva mahali pa kuzitafuta.

Kwani foleni nayo hula. Injini kubwa ikiunguruma bila kwenda hutumia kiasi cha lita 2 hadi 4 kwa saa. Ukisimama saa kumi kati ya Mpemba na Tunduma, ukiwasha na kusogea, ukiwasha na kusogea, unaweza kupoteza lita 30 na hujasogeza mzigo hata kilomita kumi. Baadhi ya madereva huzima kabisa na kusubiri aliye mbele aende hatua nyingi ndipo wawashe. Wengine wanaogopa kuingiliwa nafasi.

Tukaanza kuhesabu lori lake. Lilikuwa na kichwa chenye ekseli tatu na tela lenye ekseli tatu, na kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyotungwa mwaka 2016 na kuanza kutumika kwetu mwaka 2019, gari la namna hiyo halitakiwi kuzidi tani 50 pamoja na mzigo. Kikomo cha juu kabisa kwa magari makubwa zaidi ni tani 56. Yeye alikuwa na mzigo wa tani 30. Alisema akiwa amejaza hupata kilomita 2 kwa lita, akiwa mtupu 3. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni kiasi cha kilomita 930: lita 465. Gawanya kwa tani 30, utaona kwamba kila gunia la kilo 100 lililofika hapa limekunywa lita moja na nusu ya dizeli njiani, kabla hujahesabu kurudi mtupu. Unaponunua bidhaa dukani Tunduma, na kushangaa bei, sehemu ya unachokilipa ni hiyo lita na nusu.

Nikataka kujua mlima unachukua kiasi gani katika hizo. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Kuinua tani 50 kwa kimo hicho, kwa injini nzuri ya dizeli, kunahitaji kiasi cha lita 50, yaani lita moja kwa tani moja. Sehemu ya tisa tu ya mafuta yote! Zilizobaki zimeliwa na upepo, na tairi, na ile milima unayopanda kisha ukashushwa upya, kama Kitonga na wenzake, ambako unanunua kimo kwa dizeli halafu unakiuza kwa breki bila faida. Kwa hiyo akiba ya kweli iko katika mambo madogo yasiyo na sifa: tairi zilizojaa, mwendo usiopapatika, turubai lililokazwa, kubadili gia kabla injini haijachoka, na mzigo usiozidi. Aliyezidisha mzigo, mizani ya Mpemba itamwambia.

Mzee yule alinikumbusha pia habari ya zamani inayohusu barabara hii hii. Rhodesia ya Smith ilipojitangazia uhuru wake wa haramu Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta ya kusini, na malori yakaanza kuyabeba kutoka Dar es Salaam kwa mapipa, katika barabara ya vumbi na matope. Baadaye yakaletwa malori ya Fiat ya Kitaliano yakivuta matela. Fikiri, ndugu msomaji: gari linachoma mafuta ili kupeleka mafuta, nalo linahitaji mafuta mengine ili lirudi na mapipa matupu. Hesabu ya namna hiyo haiwezi kudumu. Mwaka 1968 likafunguliwa bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 hadi Ndola, na reli ya TAZARA ikafuata katika miaka ya 1970. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza kwa urahisi mno kuliko tairi juu ya lami, na bomba halirudi tupu. Hata hivyo malori yapo, na yameongezeka, kwa maana lori linafika mlangoni kwa mwenye mali.

Foleni ikasogea. Dereva akalipa chai yake na yangu, nikakataa, akasisitiza. Kabla hajapanda alizunguka tela lake lote akigonga kila tairi kwa fimbo na kusikiliza, kama daktari anayegonga kifua.

Siku mbili baadaye nilirudi Iringa na tela tupu. Kushuka kutoka Mbozi kwenda Mto Songwe nilitia gia ya tatu tangu juu, nikaiacha hapo. Nyuma yangu mtu mmoja alipiga honi kwa hasira akanipita. Pikapu ilishuka inanguruma, na breki sikuigusa ila mara mbili. Nilipojaza tangi nyumbani ziliingia lita 50.

Jioni nilimrudishia jirani tela lake, nikamwonyesha daftari, ukurasa wa kwenda na wa kurudi, na hesabu ya andazi. Aliisoma taratibu chini ya taa ya baraza. Akaniuliza kama kweli nilijaza mpaka shingoni. Nikamjibu kwamba nilijaza. Akauliza mkwewe, ambaye huendesha basi dogo, anaweza kuliazima daftari hilo kwa siku moja. Kisha akalizunguka tela, akainama, akaibonyeza tairi mpya kwa kidole gumba.